Magazeti ya miaka ya 1970 yamegeuka manjano, kitabu cha zamani zaidi bado cheupe: sababu ni nini?

Mjukuu wa Ng'apa (Lindi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa karatasi, uchapaji au utunzaji wa nyaraka.

Baada ya msiba wa babu yetu, familia imenikabidhi tranka lake la bati lililokuwa likikaa chini ya kitanda hapa Lindi mjini. Ndani yake mna vipande vingi vya magazeti ya miaka ya 1970, hasa Uhuru na Mzalendo, stakabadhi za korosho za chama cha ushirika, barua zilizopigwa taipureta pamoja na nakala zake za kaboni, madaftari kadhaa, na kitabu kidogo cha dua kilichoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Wazee wanasema kitabu hicho babu alikirithi kutoka kwa babu yake wa Kilwa Kivinje, kwa hiyo kwa vyovyote kimeyatangulia magazeti kwa miaka mingi sana.

Kinachonitatiza ni hiki. Magazeti yamekuwa na rangi ya majani makavu ya tumbaku na yanavunjika ukiyakunja, ilhali kurasa za kitabu kile zina weupe wa maziwa na zinakunjika bila kulalamika. Zaidi ya hapo, kipande kimoja cha gazeti ambacho babu alikiweka katikati ya kitabu kimeacha kivuli cha kahawia chenye umbo lake hasa kwenye kurasa zote mbili kilizolalia.

Je, karatasi hugeuka manjano kwa sababu ya uzee, au ni hewa yetu ya pwani, au ni jambo jingine? Na je, weupe unaweza kurudishwa? Shangazi ananihimiza nipake maji ya ndimu kisha nianike juani, lakini moyo wangu unasita.

---

Fundi Chapa Mstaafu (Mtwara)

Marahaba mjukuu, na poleni kwa msiba. Ndimu iache kwanza mezani kwa ajili ya samaki, tuzungumze.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika nyumba za kupigia chapa, na jambo ambalo kila mpiga chapa hulijua kwa mikono yake ni kwamba usiiulize karatasi ina miaka mingapi, iulize imetengenezwa kwa kitu gani. Kitabu chako cha Kilwa, kama kweli ni cha zama hizo, bila shaka kiliandikwa juu ya karatasi ya matambara. Kwa karne nyingi, katika nchi za Kiislamu na baadaye Ulaya, karatasi ilitengenezwa kwa nguo kuukuu za kitani na pamba zilizolowekwa, zikapondwa mpaka nyuzi zikaachana, kisha zikachotwa kwa chekeche na kukaushwa. Nyuzi za pamba ni selulosi karibu tupu, yaani ile dutu inayojenga nyuzi za mimea, na selulosi ikiachwa bila uchafu ni kitu chenye subira kubwa.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19, wasomaji na magazeti vilipoongezeka hata matambara yakawa haba. Mnamo 1844, Friedrich Gottlob Keller wa Ujerumani na Charles Fenerty wa Kanada, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mti unaweza kusagwa ukawa rojo la kutengenezea karatasi. Gogo hubanwa kwenye jiwe linalozunguka huku likimwagiwa maji, na karibu kila kilichokuwamo ndani ya gogo huingia kwenye karatasi, zaidi ya sehemu 90 kwa kila 100 ya uzito wake. Ndiyo maana karatasi ya gazeti ni rahisi kwa bei, na ndiyo maana haidumu, kwa kuwa ndani ya mti mna lignini, ile gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi na kuufanya mti usimame. Hiyo lignini ndiyo inayogeuka rangi.

Njia nyingine ni kuupika mti kwa dawa ili lignini iyeyuke na kumwagwa. Hapo unabaki na takribani nusu tu ya mti, kwa hiyo gharama hupanda, lakini karatasi inakuwa safi na yenye nguvu. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi hupika misonobari kwa namna hiyo kutengeneza karatasi ngumu ya mifuko. Utasema mbona mfuko wa saruji ni wa kaki tangu unatoka kiwandani? Ni kweli, kwa sababu mabaki ya lignini hayakusafishwa, lakini nyuzi zake ni ndefu na zina afya, ndiyo maana unabeba kilo 50. Rangi ya karatasi na nguvu yake ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya.

Sisi tulipokuwa tukipokea roli za karatasi ya magazeti tulizifunika kwa makini, kwa kuwa upande uliotazama dirisha lenye jua ulibadilika rangi kabla hata wino haujaugusa.

---

Mwalimu wa Kemia (Masasi)

Ninamshukuru mzee Fundi kwa kuanzia kwenye malighafi. Naomba niongeze kinachotendeka ndani, kwa sababu katika tranka la ndugu yetu kuna mabadiliko mawili tofauti yanayokwenda pamoja: karatasi kugeuka rangi na karatasi kuvunjika.

Tuanze na rangi. Lignini ni takribani robo ya mti mkavu, na umbo lake la kikemia lina pete nyingi ambazo hushambuliwa kwa urahisi na oksijeni ya hewani, hasa zinapopigwa na mwanga, na zaidi ya mwanga wote ni ile miale ya urujuanimno ya jua. Matokeo yake ni viini vipya vya jamii ya kwinoni, ambavyo hunyonya mwanga wa buluu. Nuru nyeupe ikiangukia karatasi na sehemu yake ya buluu ikanyonywa, kinachorudi machoni petu ni manjano, na mabadiliko yakiendelea ni kahawia. Wanafunzi wangu huliona jambo hili kwa jaribio lisilogharimu chochote: ukurasa wa gazeti jipya na karatasi ya fotokopi vinawekwa juani vikiwa vimefunikwa nusu kwa kipande cha ubao. Baada ya siku chache za jua letu la Masasi gazeti huwa na mpaka ulionyooka kati ya sehemu iliyofunikwa na iliyoachwa wazi, na karatasi ya fotokopi haionyeshi mpaka wowote wa kutajika.

Sasa kuvunjika. Hapa mkosaji mkubwa ni asidi. Karatasi isiyotiwa kitu hunywa wino na kuutawanya, kwa hiyo huhitaji kutiwa dawa ya kuzuia majimaji. Zamani Wazungu walitumia gundi ya ngozi za wanyama na Waarabu wanga. Mwaka 1807, Moritz Friedrich Illig wa Ujerumani alitangaza njia ya kutumia utomvu wa misonobari pamoja na shabu, ambayo ilikuwa rahisi na ikaenea duniani kote. Shabu hiyo, yaani salfeti ya alumini katika viwanda vya baadaye, ikikutana na unyevu huzaa asidi, na asidi hukata minyororo mirefu ya selulosi kidogo kidogo. Ni kama kamba ya katani iliyokatwakatwa vipande vya shubiri: katani yote ipo, lakini huwezi kuvutia ngalawa. Katika miaka ya 1950, mtunza vitabu wa Marekani aitwaye William J. Barrow alipima vitabu vingi vilivyochapwa katika nusu ya kwanza ya karne ile na kuonyesha kwamba sehemu kubwa yavyo ilikuwa imeshadhoofika, naye akaielekezea kidole asidi. Tokea hapo viwanda vilianza kuhamia kwenye dawa zisizo na asidi, na mwaka 1994 kikatolewa kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, ambacho hudai pamoja na mengine kwamba karatasi iwe na akiba ya kalisi kaboneti (madini ya chokaa) ya kumeza asidi itakayozaliwa baadaye. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zimejazwa kalisi kaboneti hiyo. Ukidondosha tone la asidi hafifu ya hidrokloriki kutoka maabara utaona vipovu vidogo.

Kivuli cha kahawia kwenye kitabu cha dua kinaelezeka kwa njia hiyohiyo. Asidi na mabaki ya lignini iliyooza havikai mahali pamoja. Huhama kutoka karatasi mbovu kwenda karatasi nzuri inayogusana nayo, na kitabu cha Kilwa kimekuwa kikipokea maradhi ya gazeti kwa miaka yote hiyo. Kitoe kipande hicho leo.

---

Binti Mikindani

Mwalimu, nimekufuata vizuri mpaka kwenye mwanga, halafu nimekwama. Tranka la bati lililofungwa chini ya kitanda halipati jua hata chembe. Kama mwanga ndio unaochoma lignini, magazeti yaliyokaa gizani yamegeukaje kahawia? Pia naona hamjaijibu sehemu ya swali inayohusu pwani. Mama yangu mkubwa yuko Newala na ana magazeti ya wakati huohuo, ambayo yamebadilika rangi, ndiyo, lakini bado unaweza kuyakunjua na kuyasoma. Ya kwetu Mikindani ukiyagusa yanabaki mkononi.

Jingine dogo: risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za madukani, nazo zinafutika kabisa. Je, ni jambo hilohilo?

---

Mwalimu wa Kemia (Masasi)

Binti Mikindani, swali lako la giza ni zuri kuliko maelezo yangu ya mwanzo. Mwanga huharakisha, lakini oksijeni haihitaji ruhusa ya mwanga. Gizani kazi huendelea polepole, ikisukumwa na joto na asidi, na selulosi yenyewe, hata isipokuwa na lignini, inapokatwakatwa hutoa viini vyenye rangi. Ushahidi anao mwenye tranka mwenyewe: akichukua kitabu chochote kilichochapwa kwa karatasi dhaifu atakuta kingo za kurasa ni za kahawia na katikati ni peupe zaidi, kwa sababu hewa huingilia pembeni. Aidha, karatasi inayooza hutoa mvuke wa asidi, ikiwemo ile ya siki, na tranka lililofungwa sana huuhifadhi mvuke huo humo humo. Ile harufu tamu ya vitabu vya zamani ambayo watu huisifu inatokana kwa sehemu na vanilini, ambayo ni zao la lignini inayovunjika.

Kuhusu pwani, ndiyo, ina sehemu yake, na si ndogo. Wakemia hutumia kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko ya namna hii huongezeka karibu maradufu au zaidi. Asidi nayo haiwezi kukata selulosi bila maji, na maji hayo yanatoka kwenye unyevu wa hewa. Lindi, Mikindani na Mtwara zina vyote viwili kwa karibu mwaka mzima, ilhali Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde ambako usiku hupoa zaidi. Lakini hewa hiyohiyo ya pwani ndiyo iliyokizunguka kitabu cha dua kwa miaka yote na hakikuharibika. Hewa huongeza kasi ya ubovu uliomo tayari ndani ya karatasi.

Risiti za EFD ni habari tofauti kabisa. Hazina wino, zina dawa inayogeuka nyeusi inapochomwa na kichwa cha mashine, na dawa hiyo hurudi kufifia kwa jua, mafuta ya mikono au kuguswa na plastiki. Toa fotokopi siku hiyohiyo.

---

Mtunza Masjala (Mtwara)

Nimekuwa katika kazi ya masjala kwa muda mrefu, na ningependa kuzungumzia la kufanya, kwa kuwa naona sababu zimeshaelezwa vya kutosha.

La kwanza ni ndimu. Tafadhali usithubutu. Ndimu ni asidi, kwa hiyo utakuwa unaongeza kile kile ambacho Mwalimu amekueleza kuwa kinakata karatasi, na jua litamalizia. Wapo pia wanaotumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Karatasi huwa nyeupe kweli kwa muda, kisha inalegea na kugeuka unga, kwa sababu klorini haichagui kati ya uchafu na selulosi. Weupe wa gazeti haurudi. Nyaraka kubwa za dunia zina mitambo ya kuondoa asidi kwa kuzipa karatasi chumvi za kalisi au magnesi, lakini hata mitambo hiyo husimamisha ubovu tu, haiwezi kuunga minyororo iliyokwisha katika.

Kwa hiyo, gazeti lichukulie kama kitu ambacho maneno yake ndiyo mali. Lipige picha kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, bila kulinyoosha kwa nguvu, kisha litolee fotokopi kwenye karatasi nyeupe nzuri, na nakala hiyo ndiyo itakayosomwa na wajukuu. Gazeti lenyewe liweke kwenye bahasha yake peke yake, lisigusane na kitu kingine chochote. Stakabadhi za korosho na barua unaweza kuzitenganisha kwa kuweka karatasi tupu za fotokopi katikati, kwa maana kalisi kaboneti iliyomo itasaidia kumeza asidi inayohama.

Ondoa pini za stepla, klipu na sindano zote, maana kwa chumvi ya hewa yetu zinashika kutu, na kutu hula karatasi mpaka ikatoboka. Selotepu usiitumie kabisa. Gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani ya nyuzi, nimeona hati za viwanja zilizookolewa na mchwa zikaja kuuawa na selotepu. Leminesheni nayo, ambayo kila steshenari inaisifu, huichoma karatasi kwa moto na kuifungia pamoja na asidi yake, na huwezi kuibandua tena. Ninaumia sana ninapoona cheti halisi cha kuzaliwa kimefanyiwa hivyo wakati nakala ndiyo iliyostahili.

Tranka si baya, ni bora kuliko sanduku la mbao kwa kuwa mbao nazo hutoa mvuke wa asidi, na mchwa hawaliwezi. Ila liinue kutoka sakafuni kwa matofali au vibao, lisigusane na ukuta, lisikae chumba chenye bati lisilo na dari, na ulifungue mara kwa mara siku za upepo mkavu wa kusi badala ya kulifungua wakati wa masika. Nafthalini ukiitumia kwa mende, ifunge kwenye kitambaa isiguse karatasi. Wazee wetu wengine waliweka nyaraka darini juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu, na wadudu walikimbia kweli, lakini moshi wa kuni una asidi na lami, ndiyo maana hati hizo huwa na rangi ya ngozi ya kobe.

---

Mjukuu wa Ng'apa (Lindi)

Ninawashukuru sana wazee wangu, na wewe Binti Mikindani kwa swali la giza ambalo sikuwa nimelifikiria. Kipande cha gazeti nimekwisha kukitoa. Shangazi nimemsomea maelezo yenu naye amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Nimebaki na mawili. Je, kile kivuli cha kahawia kwenye kitabu cha dua kinaweza kuondolewa kwa maji safi tu, bila dawa? Na madoa madogo mekundu-mekundu yaliyotapakaa kwenye kurasa za mwisho ni jambo hilohilo la lignini?

---

Mtunza Masjala (Mtwara)

Maji yanaweza kweli kuyeyusha sehemu ya kivuli cha namna hiyo, na wataalamu wa uhifadhi huosha karatasi za matambara kwa maji yaliyotayarishwa, lakini kabla ya kufanya hivyo hupima kwanza wino. Wino mweusi wa masizi uliotumika sana katika hati za Kiarabu hauondoki kwa mwanga, lakini gundi inayoushika inaweza kulegezwa na maji ukatiririka, na kama kuna mistari iliyopambwa kwa rangi nyekundu hatari huwa kubwa zaidi. Ikiwa ni wino wa kahawia wa chumvi ya chuma, maji yatasambaza chuma hicho mahali ambapo hakikuwapo. Nyumbani usijaribu. Kivuli hicho, kwa kuwa chanzo chake kimeondolewa, hakitaongezeka kwa kasi ile ya zamani, na maandishi yanasomeka. Weka karatasi ya fotokopi tupu katikati ya kurasa hizo mbili, isiwe nene kiasi cha kupasua mgongo wa kitabu.

Madoa mekundu si lignini, kwa kuwa karatasi hiyo haina. Kwa kawaida hutokana na ukungu uliowahi kuota wakati wa unyevu, au chembechembe za chuma zilizobaki tangu karatasi ilipotengenezwa, na mara nyingine vyote pamoja. Ukiona yana vumbi au manyoya, kitoe kitabu nje kwenye kivuli, funika pua kwa barakoa, na ufagie taratibu kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali na mgongo wa kitabu. Yakiwa makavu na bapa, yaache.

Kwa kitabu hicho peke yake ningekushauri uwasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kukifanyia lolote zaidi. Waeleze kina hati za Kiarabu na kimetoka Kilwa Kivinje, na uwatumie picha za kurasa chache pamoja na jalada. Huhitaji kuwaachia, unaweza kuomba ushauri tu.